Kata Basi, Uji Unamwagika

Mama Rehema, mke wangu,

Zamani watu walikuwa wanaanza barua kwa kusema hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi huko uliko hata nauli yake siijui, kwa hiyo hofu nimebaki nayo mwenyewe. Sisi wazima. Rehema jino la mbele limetoka, sasa hivi akisema samaki anatema mate. Yule kuku wako wa shingo tupu bado anataga ndani ya sufuria, kama anarahisisha kazi. Mimi nimekonda kidogo, lakini inayolalamika ni suruali, mimi sijasema kitu.

Naandika polepole kwa herufi kubwa kama bango la mgahawa. Shule yangu unaijua, iliishia darasa la nne, mwalimu alipochoka kucheka. Kuandika ilikuwa kazi yako. Ila hili la leo sikutaka kumpa mtu aniandikie, na naliandika wazi, kila mtu asome, kwa sababu nina shida na hao watakaosoma. Wasubiri, nitafika.

Unakumbuka stendi ya Singida? Nilikuwa nimesimama juu ya meza ya mitumba ya watu, nimevaa koti la kike juu ya koti la kiume, naita wateja. Wewe umeshuka kutoka Kinampanda na gunia la vitunguu la baba yako, umelikalia. Stendi nzima inacheka, wewe umekaa tu unaniangalia kama unaangalia mvua isiyokuja. Nikajisemea, huyu dada ama jino linamuuma ama ni mke wangu. Nikashuka.

"Dada, kwani mimi sichekeshi?"

"Unachekesha," ukasema. "Ila mpaka sasa sijajua unauza nini."

Hiyo ndiyo shule yangu ya matangazo, kuanzia darasa la tano mpaka chuo kikuu. Wale wenye vyeti wanasoma miaka mingi kujua hilo, mimi nimeambiwa na mtu aliyekalia gunia.

Tulivyooana tukahamia Nduguti. Wilaya mpya, ofisi zinajengwa, watumishi wanakuja na magodoro yao, na hakuna mtu wa kupitisha tangazo. Tukapata ile spika ya kuchaji, tukaifunga kwenye pikipiki kwa mipira ya tairi, mimi mbele, wewe nyuma na maiki. Kazi tukagawana bila kikao. Mimi vichekesho: mafuta ya alizeti, kuku wa kukaanga, fundi simu. Wewe habari za kweli: chanjo ya ng'ombe, mkutano wa kijiji, mtoto aliyepotea, na misiba. Misiba yote ya Nduguti ilikuwa yako. Siku ya kwanza nilijitolea nitangaze msiba mimi, ukaninyang'anya maiki.

"Wewe ukitangaza msiba," ukasema, "watu watauliza bei."

Tukacheka mpaka pikipiki ikaingia mchangani. Siku nyingine bwana mmoja wa ofisi ya mifugo anatupa kazi ya chanjo, anauliza kampuni yenu inaitwaje. Mimi nikajibu haraka, "Mama Rehema na Mumewe." Akaandika hivyo hivyo. Mpaka leo kuna mahali serikalini mimi naitwa Na Mumewe.

Halafu akaja Masanja. Naeleza kwa ajili ya wasomaji, wewe unamjua. Masanja ni Msukuma, anauza sumu ya panya kwenye minada, leo Nduguti, kesho Kinyangiri, keshokutwa kwingine, na kichwani kofia ya njano kama ua la alizeti. Mtani wetu. Siku hiyo alikuja sauti imekauka kama jogoo mzee, anataka tumrekodie tangazo liwe linajirudia lenyewe kwenye spika, yeye apumzishe koo. Tukajaribu kurekodi nje, upepo wetu ule ukaingia kwenye maiki, ukisikiliza utadhani ng'ombe anakunywa maji. Ikabidi tuingie jikoni tufunge mlango. Uji wa uwele ulikuwa mekoni.

Maneno nilitunga mimi, ukasema wewe. "Panya, mende, kunguni, viroboto. Panya anakula unga wako, anakula godoro lako, na kodi halipi. Dawa yake ipo hapa, kwa mwenye kofia ya njano." Ulisema vizuri, bila kucheka, kama unatangaza mkutano wa kijiji, na hapo ndipo palikuwa panachekesha. Ulipomaliza ukageuka mekoni, ukasema kwa ile sauti yako ya ndani, "Kata basi, uji unamwagika."

Sikukata. Masanja alikuwa anapiga honi nje, gari la Kinyangiri linamwacha, nikamrushia fleshi jinsi ilivyo.

Jioni wanarudi watu wa mnadani wanaimba. Watoto barabarani, "Kata basi, uji unamwagika." Mwenye nyama choma akikuona unachelewa kulipa, "Kata basi, uji unamwagika." Siku ile moja Masanja aliuza sumu ya kuuza mwezi mzima. Baada ya hapo kila muuzaji akataka wewe urekodi. Tulipata kazi mpaka Kiomboi, tukaezeka nyumba. Na wezi wakaja. Wakanakili sauti yako kwenye fleshi zao, lakini tangazo linasema kofia ya njano, kwa hiyo ikabidi nao wanunue kofia za njano. Unakumbuka tulivyoingia ule mnada tukakuta kofia za njano kila kona, na wewe unaongea kwenye spika zote kwa pamoja, kila moja imefika mahali pake? Mimi nilicheka nikakaa chini.

Wewe ulikasirika. Nilidhani ni wizi umekuudhi. Tunafika nyumbani ndiyo ukasema:

"Hayo ya panya wachukue. Ila ile ya uji siyo tangazo. Ile nilikuwa nakwambia wewe."

Nikakuahidi nitavua kila kofia ya njano. Sikuvua hata moja, na wewe ulijua.

Sasa nafika pagumu. Nipishe nivute pumzi.

Kichwa kilikuuma tangu asubuhi, ukasema ni jua. Mchana ukasema ni moshi. Ulianguka pale pale jikoni, mwiko mkononi. Presha, walisema hospitali Singida, presha ambayo haikuwahi kubisha hodi. Walifanya walichoweza. Nilikuwa nje kwenye benchi nimeshika viatu vyako, nesi akaja akakaa kando yangu badala ya kusimama, nikajua.

Nduguti nilirudi kabla yako, kukuandalia. Watu wanatakiwa waambiwe, jeneza linakuja, shimo lichimbwe, wamama wachote maji. Nani atangaze? Mtangaza misiba ni wewe. Nikawasha pikipiki, nikawasha spika, nikashika maiki. Kiti cha nyuma hakina mtu.

"Tangazo la msiba," nikasema.

Watu wakatoka majumbani wanatabasamu. Mama Rehema, walitabasamu. Hawakuwa na ubaya, wamezoea sauti yangu ikija inakuja na kichekesho. Mtoto mmoja akaanza kukimbia nyuma ya pikipiki anapiga makofi. Yule dada wa vitunguu pale njia panda akaniuliza kwa sauti, "Baba Rehema, leo nani kafa, panya?"

Nikasema, "Mama Rehema amefariki."

"We mwanaume, utani mwingine unajiitia mkosi. Mwenzio akisikia?"

"Hasikii."

Bado alikuwa anacheka. Halafu akashusha macho, akaona miguuni nimevaa kandambili yangu mguu mmoja na kiatu chako mguu mwingine. Sikujua mwenyewe. Akaacha vitunguu vyake akaja akazima pikipiki yangu kwa mkono wake. Akaichomoa maiki vidoleni mwangu. Tangazo lako amemalizia yeye, muuza vitunguu, hajawahi kushika maiki maisha yake, anataja jina lako mara mbili mbili. Ulikuwa sahihi siku ile. Nilitangaza msiba na watu wakauliza bei.

Tulikuzika pale nyuma ya nyumba, karibu na mtaro. Na watani walikuja, si unawajua. Masanja alifika na sufuria yake kutoka kwake, akaingia katikati ya waombolezaji, akaipiga mwiko. "Mama Rehema, amka umalizie tangazo, sumu yangu imelala. Unakimbia kazi? Kata basi, uji unamwagika." Wamama wakacheka wakilia. Ndiyo kazi ya mtani, asipofanya hivyo msiba unaua na wengine. Mimi nilicheka pia, kicheko kikatoka kama kikohozi. Baba yako peke yake hakucheka. Alikaa na fimbo yake, anaangalia ile sufuria.

Matanga yakaisha, kazi zikarudi. Nikaenda mnada wa Kinyangiri na Rehema, sikuwa na wa kumwachia. Nilimkalisha kwenye turubai la muuza ndoo, nikageuka kusalimiana na mteja. Kugeuka tena, mtoto hayupo.

Nilitafuta mpaka kwenye ng'ombe. Nilimkuta kwa Masanja. Amekaa chini kwenye vumbi, ile spika ameipakata, sikio ameliweka pale pale inapotokea sauti. Masanja amesimama kando, kofia ameishika mkononi, hajui afanye nini.

"Baba, nyamaza," Rehema akaniambia kabla sijasema neno. "Mama yumo humu. Ukisubiri anamaliza panya, halafu anasema uji."

Na ukasema uji. Akanitazama kama mtu aliyeshinda ubishi. Halafu tangazo likaanza upya, akaweka tena sikio.

Baba yako alikuwepo mnadani siku hiyo, ameleta mbuzi. Aliona yote. Akaja, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Akasema maneno kwa Kinyiramba, mimi Mnyaturu nikashika nusu. Nusu nyingine akanirudishia kwa Kiswahili.

"Mkwe. Binti yangu nimemzika. Mbona kila nikija mnadani namkuta anauza sumu? Huyu mtoto hajaanza hata kulia. Atalia saa ngapi, na mama yake hajanyamaza? Mnyamazishe apumzike."

Utamjibu nini mzee aliyekupa mke? Nikasema, "Sawa baba."

Hiyo ndiyo kazi iliyonimaliza. Nilirekodi tangazo lile na mengine yako yote kwa sauti yangu, nikabeba fleshi mpya kwenye mfuko, nikaanza kuzunguka minada. Nampa muuzaji yangu, nachukua yako. Hao niliokuwa nawaita wezi, sasa nawabembeleza. Masanja aligoma kidogo.

"Mnyaturu, unaniua. Watu hawanunui sumu, wananunua uji. Sauti yako wewe hata panya hatatoka nyumbani."

"Ni mzee kasema."

Akachomoa fleshi, akaifuta vumbi kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili kama anampa mkwe wake maji. "Shemeji yangu, pole," akasema, na sikujua anaiambia fleshi au ananiambia mimi.

Nikazibeba zote Kinampanda. Na ya kwangu mwenyewe nikaiweka humo humo, ile nakala niliyobaki nayo, maana nilisema sawa baba, na sawa ni sawa. Mzee alikuwa ameketi jikoni kwa mama yako, kwenye moto ule ule uliojifunzia kupika. Nikamkabidhi mfuko. Hakuufungua. Aliuweka motoni wote, ukanuka plastiki, tukatoka nje kwa moshi, tukasimama na mama yako ukutani.

Rehema akaanza kulia. Mnada uliofuata alikwenda moja kwa moja kwa Masanja, akakaa, akasikiliza, akasikia ni mimi. Alilia njia nzima ya kurudi, akalala analia, akaamka analia. Nikasema mzee alijua. Sasa amezika. Siku zikapita akaacha, akarudi kucheza, nikashukuru.

Halafu mchana mmoja nasuka kamba ya spika, amekaa mlangoni, akauliza, "Baba, mama alikuwa anaongeaje?"

Mimi ni nani, mke wangu? Mimi ni mtu ninayeiga kila mtu. Naiga diwani, naiga mwalimu mkuu, naiga ng'ombe aliyekataa kuuzwa. Nikakohoa, nikalegeza shingo, nikasema, "Kata basi, uji unamwagika."

Akatabasamu kwa heshima, kama anavyowatabasamia wageni.

"Siyo hivyo," akasema.

Nikajaribu tena, chini kidogo. Siyo hivyo. Nikajaribu nimefumba macho, namtafuta mwenye sauti, nakuona umeshika mwiko, nakuona kanga, naona mpaka kovu la kidole, mdomo unafunguka. Hakuna kinachotoka. Rehema akainuka akaja akanishika goti. "Basi baba, acha tu."

Niliacha. Nilitafuta kila mahali, usifikiri sikutafuta. Simu tuliyorekodia uliizamisha mwenyewe kwenye ndoo ya maji, tukaianika juani kama dagaa, haikuamka. Baada ya hapo ukawa na kitochi chako, hakina kurekodi. Picha ninazo, umenuna kwenye zote. Biashara nayo inakwenda mrama, watu wanasema Mama Rehema na Mumewe imebaki Na Mumewe. Hilo silii nalo. Mtu anaweza kurudi kuvaa makoti mawili stendi.

Juzi akaja baba yako. Amesafiri kutoka Kinampanda mpaka Nduguti, bila taarifa, kuku kwapani. Nikamwamkia, nikampa kigoda, akakataa chai. Alimshika kuku muda wote kama ndiye aliyekuja kusema. Mwishowe akasema:

"Mkwe, nina tatizo. Namwona, simsikii."

Nikavuta kigoda changu karibu.

"Asubuhi nikiamka alikuwa ananiita kutoka jikoni, tangu yuko mdogo. Mdomo nauona. Sauti haikubaki hata kidogo?"

"Haikubaki, baba. Tulichoma."

"Hata ile ya uji?"

"Ilikuwa humo humo."

Akaitikia kwa kichwa. Akashusha kuku chini, kuku akabaki amesimama, hajui kama ameachiwa. Mzee akafuta macho kwa kofia yake, na mimi nikajifanya namfukuza yule kuku, nikazunguka nyumba nzima nafukuza kuku ambaye hakukimbia.

Hasira nilitaka niwe nayo, sikuipata. Alitaka mjukuu alie, na mjukuu amelia. Alitaka upumzike. Ila hakuna kati yetu aliyejua kwamba ukinyamaza kwenye spika utanyamaza na kwetu.

Sasa shida yangu na wasomaji. Jana dereva mmoja wa lori la vitunguu amenisimamisha, ananicheka. "Na Mumewe, mbona mkeo nimemsikia Shelui?" Nikamwambia usinitanie. Akasema hatanii, mnada wa Shelui, kijana mmoja, kofia ya njano imepauka imekuwa kama siagi, anauza dawa ya kunguni, na spika inaongea mwanamke. Shelui sikufika ile safari ya kukusanya fleshi, pikipiki iliharibika njiani nikarudi. Nilijilaumu wakati ule kwa uzembe. Sasa hivi nauombea uzima ule uzembe.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama una fleshi yenye sauti ya mwanamke anayesema habari ya panya bila kucheka, usiifute. Usinirudishie hata, ukiona uchungu. Wewe iwashe tu, nitakuja nisimame mbali kidogo. Na nilikuita mwizi, nisamehe. Iba zaidi.

Kesho tunakwenda Shelui. Nimemwambia baba yako abaki, njia mbaya na umri umekwenda. Akasema, "Mimi ndiye niliyewasha moto, nitabaki vipi?" Basi tunapanda mshikaki: mimi mbele, Rehema katikati, mzee nyuma pale pako, na fimbo yake ameshaifunga kwenye spika. Rehema ameuliza tunakwenda kununua nini. Nimemwambia dawa ya kunguni. Akasema, "Hatuna kunguni." Mwanao huyo, anataka kujua tunauza nini.

Naogopa, Mama Rehema. Inaweza kuwa sauti ya mwanamke mwingine. Inaweza kuwa yako lakini yule kijana akawa mjanja akakata mwisho, akabakiza panya na mende tu, kama mtangazaji anayejua kazi yake. Wote wamejifunza kukata sasa. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu.

Ikiwa siyo wewe, nitanunua dawa kwa adabu, turudi. Ikiwa ni wewe, sitamwambia kijana kitu. Nitamwomba tu asizime. Tutasimama pale sisi watatu kama wateja, mzee amevua kofia, tusubiri panya, tusubiri mende, tusubiri kodi isiyolipwa, tuone kama itafika kwenye uji.

Lala, mke wangu. Safari hii pia nikisikia umesema nikate, sikati.

Ni mimi,
Na Mumewe,
Baba Rehema.